Harusi Iliyomaliziwa Saluni

Jumamosi nilikuwa nikisubiri zamu yangu katika saluni moja ya Busia, upande wa Uganda. Kitini alikaa mama mfanyabiashara aliyevuka kutoka Kenya, nusu ya kichwa imesukwa, macho kwenye televisheni. Alikuwa akifuatilia tamthilia moja ya Kituruki kwa wiki nyingi, na siku hiyo ndipo bibi harusi angesema kama anamkubali bwana harusi.

"Hiyo haiko mzuri," msusi alimwambia. "Nyumba kubwa, lakini hakuna mtu napika. Kazi ni kulia tu."

"Wachana na mimi, dada. Kilio cha matajiri ni kitamu. Zile filamu zenu za Uganda watu wanapigana hadi wanasahau sababu."

Bibi harusi akafungua kinywa. Umeme ukakatika.

Mama akaruka kutoka kitini, rasta zikining'inia upande mmoja. "Wacha nikimbie ng'ambo, Kenya, nione!"

"Na kichwa hiyo?" Msusi alimshika mabega, akamkalisha. "Kaa. Mimi namalizia wewe." Akaendelea kusuka huku akisimulia: "Bibi harusi nasema, 'Kabla sijakubali, mama yako atalala wapi?'"

Saluni nzima ikanyamaza. Nimefundisha watoto miaka mingi, na ukimya ule naujua. Haupatikani kwa fimbo.

Umeme ukarudi, na harusi ya televisheni ilikuwa bado inaendelea. Msusi akageuka kuongeza sauti, lakini mama akamvuta aproni.

"Zima hiyo kwanza, dada. Bwana harusi hajajibu."