Vyungu vya Wanawake Kando ya Mkulumuzi

Nilikosa, na sitamsingizia shetani. Ulimi uliosema ni wangu mwenyewe.

Enzi za Mwingereza, miaka ya hamsini, lilitakiwa kujengwa daraja karibu na kwetu, upande wa Pongwe. Kabla ya kazi kuanza akaletwa mzungu wa mambo ya kale akague ukingo wa mto Mkulumuzi. Angekuta makaburi, daraja lingesogezwa. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyeji wake, kila kitu ananiuliza mimi. Kichwa kilinivimba, jamani!

Kwetu mimba ikiharibika, mwanamume haambiwi mengi. Wanawake hukitia kile kiumbe ndani ya chungu, wakakizika penye unyevu kando ya mto, bila alama yoyote. Mke wangu Mwanahawa alikuwa na vyungu vyake pale.

Asubuhi moja alinishika mkono mlangoni. "Bwanangu, nakuomba. Mwambie wasijenge pale mto unapopinda. Wanangu wamo."

Ndugu zangu walikuwa wakinicheka sina mtoto. Hasira zote nikamtolea yeye.

"Wana gani? Umenizalia nani akaitwa jina?"

Aliuachia mkono wangu. Hakulia.

Siku ileile sururu ikagonga chungu. Mzungu akainama, akaniuliza, "Hapa makaburi?"

Ningesema ndiyo tu, basi! Nikacheka. "La, Bwana. Wanawake hutupa vyungu vibovu hapa."

Aliviona si vya kale, akaniamini, akaenda zake.

Katapila likaja. Mwanahawa alikimbilia mbele yake, vibarua wakamshika, nami nimesimama palepale kama simjui. Baadaye nilimkuta matopeni anaokota vigae, anavitia kwenye kanga. Akaondoka navyo kwenda kwao Muheza. Talaka aliidai mbele ya kadhi, na sababu akaitaja watu wote wakisikia. Aibu gani ile!

Nikaoa mwingine. Naye mimba ikaharibika, na safari hii moyo uliniuma kweli. Nikamuuliza mama yangu mzazi mwanangu wamemzika wapi. Hakuinua hata uso, akaendelea kuchambua mchele.

"Hayo hayakuhusu."

Sikupata mtoto mwingine.

Wewe mwanamume unayesoma haya, mkeo akikuomba jambo kama lile, meza hasira zako umsikilize. Mimi nimezeeka. Natamani kumwombea dua mwanangu alipolala, na hakuna mwanamke anayekubali kunionyesha.