Muhuri Usoni pa Mjomba Penieli

Katika ofisi ya stempu hapa kisiwani Funafuti hapakuwa na mkono kama wa Sulufaiga. Aliingia pale msichana, akaota mvi pale pale, kazi yake kugonga muhuri wa siku ya kwanza ya stempu mpya kwenye bahasha za wakusanyaji wa ng'ambo. Muhuri wake uliangukia mahali pamoja kila mara: nusu kwenye stempu, nusu kwenye bahasha, wino haujatapakaa. Ukimsifu, alikuwa anasema, "Mkono huu haujui kukosea." Nasi tulimwamini.

Basi ikaja stempu ya uwanja wa ndege. Ilikuwa imetimia miaka hamsini tangu Wamarekani waujenge wakati wa vita vyao na Wajapani, wakafyeka minazi na kufukia mashimo ya kupandia magimbi ili ndege zao zipate pa kutua. Stempu ilikuwa na picha ya zamani: vijana wetu wamebeba gogo la mnazi mabegani, na wa mbele, anayecheka meno yote nje, ni Penieli. Huyo ni kaka wa mama yake Sulufaiga, na ndiye aliyemlea. Kwetu mjomba si mtu wa kuchezewa. Ukipita mbele yake ameketi, unainama na kusema tulou, yaani niwie radhi. Kichwa chake hukigusi, hata kama ni kumtoa unyasi kwenye nywele.

Siku ya uzinduzi tulijaa ukumbini, tumeketi mikekani, mzee Penieli yuko mbele kavishwa shada la maua. Sulufaiga alitakiwa agonge bahasha ya kwanza watu wote wakitazama, kisha ampe mjomba wake. Labda ni macho yetu yaliyomtia kiwewe, sijui. Akagonga, paa! Alipoinua muhuri, duara jeusi limekaa juu ya uso wa mjomba, hata meno hayaonekani.

Kisha Lotomau, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, akapaza sauti, "Jamani! Wajapani walimkosa mzee kwa mabomu yao, mpwa wake kampata!"

Tukacheka. Naungama, hata mimi nilicheka. Penieli aliipokea bahasha kwa mikono miwili, akaitazama, akaitia mfukoni mwa shati.

Tangu hapo Sulufaiga akawa mtu wa kujificha. Jumapili kwaya iliimba bila yeye. Kurudi nyumbani alipita njia ya nyuma, asikatize uwanja wa ndege, ambako jioni huwa tunatandika mikeka kupunga upepo, maana ndege huja mara chache. Na ofisini akauadhibu mkono wake. Kila bahasha iliyobaki aliigonga polepole, muhuri ukiuma ncha tu ya stempu, mbali na kichwa cha mzee.

"Dada Sulu, kwa mwendo huu utamaliza lini?" mwenzake akamuuliza.

"Niache nimheshimu mjomba wangu."

Alipomaliza, maboksi yakachukuliwa na gari la posta kusubiri ndege. Yeye akavaa nguo ya kanisani, akabeba mkeka mzuri aliokuwa akiutunza kwa harusi ya binti yake, akaja uwanjani kumwomba mjomba radhi. Ndege ilikuwa imechelewa, nami nilikuwa nimeketi na Penieli pale pale juu ya lami. Nilitaka kuwapisha, mzee akanishika mkono nikae.

"Tulou, mjomba," akasema Sulufaiga, akitambaa kwa magoti. "Nilikugonga kichwani mbele za watu. Sina pa kuweka uso."

"Mkeka wa nini, mwanangu? Kaa." Penieli akaitoa ile bahasha, imelegea kwa jasho, akaonyesha gogo kwenye stempu. "Mnazi huu unajua ni wa nani?"

"Si ule walioukata Wamarekani?"

"Wamarekani walikuwa na mashine. Huu niliuangusha mimi kwa shoka. Ulikuwa wa bibi yako, mama yangu, ndio tuliogema tembo tamu lisilochacha, la watoto. Aliukumbatia, akasema, niachieni huu mmoja tu. Nikaibandua mikono yake, maana yule mwenye kamera aliniahidi sigara. Halafu nikacheka hivyo."

Sulufaiga aliinama kuitazama ile picha kwa karibu.

"Waliponiambia wataifanya stempu, niliona haya hata kukataa, wasije wakaniuliza sababu. Wewe ulipogonga pale, nikasema moyoni, afadhali, mtoto kanifunika. Haya, na zile nyingine? Umezigonga kama hii?"

"Nimezigonga pembeni, mjomba," akasema Sulufaiga. "Zote. Uso wako unaonekana vizuri."

King'ora cha kuondoa watu uwanjani kikalia. Watu wakakunja mikeka, watoto wakakimbiza mpira wao, nasi tukamnyanyua mzee, tukampeleka hadi ukingoni. Ndege ikatua, na gari la posta likapita mbele yetu na maboksi yake. Sulufaiga akainua mkono kama anayetaka kulisimamisha, akaushusha. Angemwambia nini dereva?

"Zinakwenda mbali?" Penieli akauliza.

"Mbali sana, mjomba. Ujerumani, Uingereza, mpaka Japani."

"Basi huko hawamjui mama wala mnazi wake," akasema. Lakini ndege ilipokwisha kuruka, na watu wakaanza kurudisha mikeka yao uwanjani, yeye bado alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesema tulou, na mpwa wake kando yake vivyo hivyo.