Bi Shinuna, Mwosha Maiti wa Thornton Heath

Bi Shinuna alifika London mwaka sabini na tatu. Akasafisha vyoo vya uwanja wa ndege mpaka magoti yakamshinda. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Kuosha maiti za wanawake ilikuwa ibada, wala hakutaka malipo.

Mke wangu Zuwena alifia hospitali, Machi 2020. Kikohozi siku tisa. Ugonjwa wenyewe mgeni, hata madaktari walikuwa wanajifunza. Waosha wakaogopa. Nikaambiwa nimzike hivyo hivyo. Sikuwalaumu, lakini nilitaka mke wangu aoshwe.

Nikampigia simu Bi Shinuna. Hakukubali, hakukataa. Alisema kwanza aelewe.

Jirani yake Margaret, Mkenya, ni muuguzi wa wodi ya mapafu. Wakazungumza, huyu mlangoni kwake, yule kwenye geti. Bi Shinuna akamwuliza: maiti hapumui, hapigi chafya, sasa ugonjwa unatokea wapi? Margaret akasema yote hawajayajua, ila umo katika pumzi za walio hai, na chumba kilichofungwa ni kibaya zaidi. Naye akauliza maiti huoshwa vipi. Akaelezwa: tunamwinua kidogo, tunamminya tumbo taratibu, uchafu uliobaki utoke.

"Hapo hapo, mama," akasema Margaret. "Ukimminya, hewa iliyobaki kifuani inakutokea usoni."

Miaka thelathini Bi Shinuna alikuwa akiminya. Akamwuliza shehe, shehe akasema si lazima. Akaacha.

Kesho yake akafungua madirisha yote ya chumba cha kuoshea, baridi ile. Akavaa barakoa na glavu. Wasaidizi wanne wa kila siku akawakataza, akaingia na bintiye tu, kwa kuwa wanaishi nyumba moja. Nami nikaenda. Mume anaruhusiwa kumwosha mkewe. Akanizuia mlangoni.

"Rudi nyuma, Mzee Hamad. Unakohoa."

"Mke wangu huyo."

"Najua. Yeye hakohoi tena. Ninayemwogopa ni wewe."

Nilikasirika. Nikatoka nje, nikasimama mbali na dirisha, na huko nikakohoa tena. Ndipo nikamwelewa.

Nikasikia maji. Akawa ananiambia kwa sauti kila anachofanya: sasa upande wa kulia, sasa wa kushoto, sasa karafuu maiti.

"Nasuka nywele," akasema. "Mikia mitatu."

Nikamwambia Zuwena hapendi kubanwa.

Akasema amelegeza.