Golikipa Aliyetolewa kwa Mtani

Waliokuwepo siku ile nawataja kwanza, ili mtu asije akasema niliota. Alikuwepo mdogo wangu Hamza, golikipa wa timu yetu. Alikuwepo Mhina, msukuma toroli la mkonge, ambaye mdomo wake ulisikika kuliko ngoma. Alikuwepo Mzee Semkiwa, nyapara wa kambi, aliyejiona kuwa yeye ndiye mwenye timu. Alikuwepo Bi Mwanaidi, niliyekaa naye mkeka mmoja, yeye akiuza chai na mimi vitumbua. Na nilikuwepo mimi. Uwanja ulijaa watu wengine, lakini hawa ndio waliosikia maneno yalivyotamkwa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuyakana. Mhina amekwisha kufa. Bi Mwanaidi yuko Mazingara kwa mwanawe, nenda kamuulize.

Ilikuwa zama za Mwingereza, baada ya vita vile vikubwa, mkonge ukiwa na bei na kambi zimejaa watu wa kila kabila. Sisi tulikuwa Wazigua wa hapo hapo, upande wa Kabuku. Baba alitangulia kufa, mama akamfuata. Mimi nikiwa mkubwa nikaacha shule mapema, nikawa mama wa wadogo zangu. Mama hakuniachia shamba wala ng'ombe. Aliniambia tu, "Wasipungue." Neno hilo nimelibeba mpaka leo. Hamza ndiye aliyenifuata kuzaliwa. Siku za kazi alikata mkonge, Jumamosi alidaka mpira, na wadogo wetu wengine wawili walikula kwa jasho lake na kwa vitumbua vyangu.

Huenda wewe hukukulia kwetu, basi nikueleze kidogo habari ya utani. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako nawe ukacheka. Anaweza kumbeba kuku wako akasema ni wake, na huna ruhusa ya kukasirika. Utamkomboa kuku kwa kitu kingine. Msibani, mtani ndiye anayeingia kaburini kabla ya maiti akijifanya anapima kitanda, ndiye anayesema marehemu alikuwa mlafi, watu wakalia huku wanacheka. Maiti ambaye hakuchekwa na mtani wake, kwetu tunasema hajazikwa. Amefukiwa tu.

Siku ile tulicheza nyumbani na timu ya Korogwe. Wasiwasi hatukuwa nao hata chembe. Mzee Semkiwa alichinja mbuzi asubuhi, na masufuria ya pilau yakawa yanachemka nyuma ya ghala hata kabla mpira haujaanza. Lori la wageni liliposimama, Mhina aliwapokea kwa kelele.

"Karibuni! Kula mtakula, ila mtaanza na mabao, pilau baadaye!"

Watu wakaangua kicheko. Nani angejua?

Kipindi cha kwanza kiliisha hakuna aliyefunga. Wakati wa mapumziko ikanyesha mvua nyepesi, uwanja ukawa tope jekundu. Kipindi cha pili Hamza akahamia goli la upande wa mkonge, pale pale tulipotandika mkeka wetu. Hapo ndipo nilipomwona yule mtu.

Alisimama nyuma ya milingoti ya goli, peke yake. Alikuwa amejitanda blanketi la kijivu, la aina waliyokuwa wakipewa manamba wa zamani, wale vibarua walioletwa kwa mkataba kutoka bara. Shingoni alining'iniza kibati cha namba. Nilidhani ni mzee fulani wa kambi ya mbali ambaye hajakubali kuvua vitu vya ujana wake. Lakini sura haikuwa ya mzee.

"Wazigua!" aliita, na lafudhi yake ilikuwa ya Kinyamwezi kabisa. "Mpira mmeujulia wapi nyie? Si mngebaki na mihogo yenu?"

Mhina akafurahi, maana amepata mtani. "Kaa kimya, Mnyamwezi! Wewe ukiona kitu cha mviringo unakitia kichwani ukidhani ni mzigo!"

Tukacheka. Yeye pia akacheka, ila bila kufungua mdomo.

Halafu bao likaingia. Niamini ninapokwambia, mpira ule ulikuja unatambaa kama kobe. Mtoto angeudaka. Hamza aliinama vizuri, mikono chini, kisha ghafla akageuza shingo kutazama nyuma yake, kama mtu aliyeitwa. Mpira ukapita katikati ya miguu yake. Muda si mrefu likaja la pili, vile vile. Aliinama, akageuka, likaingia.

Wewe umewahi kuona watu waliopika pilau kabla ya ushindi? Wapiga ngoma wetu waliziacha ngoma chini wakaondoka, na wageni wakaziokota wakazipiga wao. Mzee Semkiwa alikaa kwenye tope na kanzu yake nyeupe, hakutaka kuinuliwa. Wengine walilia. Wengi walitukana, na matusi yote yalimwelekea Hamza.

"Mikono ya uji!"

"Mpeni kikapu, labda atadaka!"

"Huyu ametuuza! Muulizeni Korogwe wamempa nini!"

Filimbi ya mwisho ilipolia, Hamza alikuja kwenye mkeka wetu. Akaniinamia sikioni. "Dada," akasema, "baba alikuwa ananiita. Kila mpira ukija, baba ananiita."

Watu walitujia, Mhina mbele, Mzee Semkiwa nyuma yake akichuruzika tope. Nilisimama kati yao na mdogo wangu nikiwa na mwiko wa vitumbua mkononi. Wakati huo huo yule mtu wa blanketi akasogea, akasema kwa upole:

"Watani zangu, golikipa wenu hamumtaki? Nipeni mimi. Kwetu huko tumekosa mtu."

"Mchukue!" Mhina akapiga kelele. "Mchukue, mtani, na usimrudishe!"

"Ni wako," Mzee Semkiwa akasema. "Nyapara nimekuidhinishia."

Hata Bi Mwanaidi, ambaye hakuwa mtu mbaya, akaongeza, "Mchukue, lakini jihadhari, anakula huyo!"

Wakacheka wote. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu tufungwe, na kiliwatuliza. Ugomvi ukayeyuka pale pale, wakaanza kutawanyika. Mimi peke yangu sikucheka. Unawezaje kucheka ndugu yako akigawiwa kama kuku? Nilipoinua macho, yule mtu hakuwa akiwatazama waliompa. Alikuwa akinitazama mimi.

Niliinama kukunja mkeka. Nilipoinuka, Hamza hakuwepo.

"Amefuatana na yule mtani wenu," Bi Mwanaidi akaniambia, akionyesha mkonge. "Nilidhani wanakwenda kunawa."

Kunawa wapi? Upande ule hakuna maji. Nikaangusha kila kitu nikakimbia.

Jua lilikuwa limegusa vilima vya Handeni. Mkonge unaujua ulivyopandwa, mistari imenyooka, ukisimama kwenye ujia unaona mpaka mwisho. Niliwaona mbele, wawili, wakitembea taratibu. Nilimwita Hamza kwa jina lake. Nilimwita kwa jina la utotoni ambalo mama alimpa. Hakugeuka. Nilikimbia, nao wakatembea, na bado sikuwa nawapata. Mpaka walipofika mahali ambapo mkonge haukuota vizuri, miche midogo ya manjano, na ardhi imebonyea bonyea. Hapo wakasimama. Hamza akaketi kwenye kibonde kimoja, akakunja magoti, akatulia kama mtu aliyefika kwake.

"Mtani," yule mtu akasema, "umefuata nini?"

"Nimemfuata ndugu yangu."

"Nimepewa mbele ya watu. Nawe ulikuwepo."

"Ule ulikuwa utani!"

"Na mimi natania. Umeniona nimekasirika?"

Nikatazama chini. Miguu yangu ilikuwa imejaa tope hadi magotini. Hamza naye hivyo hivyo. Miguu ya yule mtu ilikuwa mikavu, ina vumbi jeupe la kiangazi, kama hakuna mvua iliyonyesha alikotoka.

Nilitaka kukimbia. Nakwambia kweli, miguu ilitaka. Lakini ningewaambia nini wale wawili waliokuwa wananingoja nyumbani? Nikabaki.

"Alichochukua mtani hukombolewa," nikasema. Sauti ilinitoka nyembamba. "Taja unachotaka. Nina vitumbua, nina khanga mpya sijaivaa."

"Vitumbua!" Akacheka, na safari hii alifungua mdomo. Ndani hamkuwa na meno wala ulimi. Ulikuwa umejaa udongo, mwekundu, umeshindiliwa. Na maneno bado yalitoka. "Mtani, nitavitafuna kwa meno gani?"

Kisha akaacha kucheka, akaketi kando ya Hamza, akamwekea mkono begani. Aliniambia kwamba alikufa kwa homa, mwaka ambao wengi walikufa. Waliomchimbia walikuwa Wazigua, watani zake halisi, lakini kengele ya kazi ilikuwa imelia na msimamizi amesimama juu yao. Wakamtupia udongo kama watu wanaofukia shimo la taka, wakarudi kukata mkonge. Hakuna aliyemtania. Hakuna aliyemwambia hata kwamba alikuwa na miguu mibaya.

"Wenzako wamenicheka leo bila kunijua," akasema. "Wewe hukucheka. Nataka kicheko chako, hapa, juu yangu, cha kweli. Ukinipa, kijana ni wako."

Nilicheka. Nilijikaza nikatoa sauti, ha ha ha, machozi yakinitiririka. Akanisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kama mtu anayeonja mboga isiyo na chumvi.

"Hicho cha uongo, mtani. Basi, ondoka naye. Nimekuazima. Lakini ni wangu mpaka unilipe."

Nikamshika Hamza mkono. Ulikuwa baridi kama chungu cha maji. Nilimvuta tukatoka mle kwenye mkonge bila kutazama nyuma, na tulipofika uwanjani wageni walikuwa bado wanakula pilau yetu.

Mzee Semkiwa nilimweleza kesho yake. Alivua kofia. Akasema ni kweli, pale palikuwa makaburi ya manamba. Shamba lilipopanuliwa wakapanda mkonge juu yake, hakuna alama iliyoachwa. Tulikwenda wote. Mwalimu wa chuo cha Kurani alisoma dua, tukapanga mawe. Mhina, Mungu amrehemu, alisimama pale, akafanya kazi yake ya utani kama inavyopasa.

"Mnyamwezi, umebeba mizigo ya watu maisha yako yote," akasema, "leo tumekutwisha mawe, na bado hujalalamika! Kweli nyie ni punda!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Ulikuwa utani mzuri, hata sasa najua ulikuwa mzuri. Mimi kicheko kilifika kooni kikasimama. Kila nikitaka kucheka nauona ule udongo mdomoni, na mkono ule begani kwa mdogo wangu.

Timu ilihamisha goli. Waliomtukana Hamza walikuja nyumbani mmoja mmoja na mayai na unga, wakaomba radhi. Hakudaka mpira tena. Alioa, akazaa, na wale wadogo wengine wawili wamekuwa watu wazima, mmoja yuko Mashewa na shamba lake. Ukimwona Hamza utasema ni mzima. Lakini mkono wake haujapata joto, hata akiota moto. Na kila Jumamosi jua likianza kushuka, popote alipo, huacha anachofanya, akasimama, akaanza kutembea kuelekea kwenye mkonge. Mkewe amezoea kuniita. Namshika, namketisha, nakaa naye mpaka giza lishike.

Nimekwenda pale kwenye mawe mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Nimekwenda na wachekeshaji wa ngoma. Nimekwenda na watoto, maana watoto humchekesha mtu bila kutaka. Nimekwenda peke yangu nikajisimulia visa vya ujinga wangu mwenyewe. Sijaweza.

Kwa hiyo ninyi mnaopenda mpira, sikieni. Timu ikifungwa nyumbani, lieni, tukaneni milingoti, rudini mkalale na njaa. Lakini msimtoe mtu. Msiseme "mchukue," hata kwa utani, hata kwa mtani, mpaka mmeitazama miguu yake. Na kama mna maiti aliyefukiwa haraka bila kuchekwa, nendeni mkamcheke mapema, wakati bado mnaweza.

Mimi wakati wangu umepita. Nimezeeka, na sijui ni nani atakayemshika Hamza Jumamosi nikiondoka. Jana alilala mchana baada ya chakula, nami nilikuwa kando yake nikichambua mchele. Akazungumza usingizini, macho yamefumba. Maisha yake yote ameniita dada, hajawahi kuniita vingine.

"Mtani," akasema, "bado tu?"