Swali la Wachuka Lililofichua Biashara za Karagita

Saa kumi na moja jioni wafanyakazi wa mashamba ya maua wanarejea Karagita, Naivasha, na mafuta ya Chepngeno yameanza kuchemka mlangoni pa chumba chake. Wachuka anasimama kando ya karai, kishikwambi mkononi.

"Mathe, uko na biashara yoyote?"

"Zii, sina," anajibu Chepngeno huku akigeuza mandazi.

Wachuka anabonyeza "hapana", kama fomu inavyotaka. Kisha anauliza swali lake mwenyewe: "Na wiki hii umeuza nini?"

"Mandazi kila siku. Jumamosi chapati. Na makaa ya mkebe."

Mwandishi huyu aliangua kicheko. Wachuka hakucheka hata kidogo.

"Huku biashara ni duka iko na laisensi. Ukitaja hiyo neno, mtu anaona kanjo, wale askari wa kaunti, wamekuja kumshika," anaeleza mama huyu wa watoto wawili, anayelipwa Sh1,500 kwa siku kukusanya takwimu za biashara ndogo. "Anakataa na roho safi kabisa. Hii ya mlangoni anaita kusukuma maisha."

Takwimu hizo ndizo hutazamwa masoko yanapopangwa. Katika vyumba 60 vya kwanza, watu saba tu walikiri kuwa na biashara. Kwa swali la Wachuka, ambalo majibu yake aliyaandika kwenye daftari kuukuu la mwanawe, wakawa 31.

Msimamizi wake, Ndegwa, aliwaka. "Nilimwambia ametumwa kuuliza, hajatumwa kutunga maswali," anakumbuka. Nusura amfute kazi.

Lakini Ndegwa ni mtu wa haki. Alimtuma mkusanyaji mwingine, Oduor, arudie vyumba vile vile kwa swali la Wachuka, bila kumwonyesha daftari. Oduor alirudi na 30.

Ndegwa asema: "Miaka kumi na moja nimekuwa nikiandika hawa wamama ati hawana biashara."

Wengi wetu tungejaza fomu, tuchukue pesa zetu, twende nyumbani. Huyu dada alikataa, na kwa hilo namvulia kofia.

Mwezi ujao swali lake litajaribiwa Rongai. Kandarasi yake inaisha Ijumaa hii na hakuna aliyemwahidi nyingine, ingawa anatamani sana kwenda.

"Wasiponichukua nitaumia, sitadanganya," asema. "Lakini swali liende. Mamangu ameuza githeri Kihoto miaka kumi na tisa, na hakuna mahali ameandikwa."