Tanuru la Kasikeu Halizimwi

Kasyoka alikuwa fundi wa kuchomelea mageti sokoni Ikutha, mwanamke wa maneno machache na mikono yenye makovu ya cheche. Kiwanda cha kuyeyusha vyuma chenye matanuru matatu kilipofunguliwa Kasikeu na wananchi wakaalikwa kununua hisa, aliuza fahali wake akanunua. Kaka yake Mutunga akamfuata, naye akanunua.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kisha bei ya stima, umeme wa kuendeshea matanuru, ikapanda, bili ikawa inameza faida yote, na mwekezaji mkubwa wa Nairobi akajitoa. Hofu ikawashika wanahisa kama moto kwenye nyasi kavu. Wengine walianza kuuza hisa zao kwa bei ya kutupa.

Mkutano ukaitishwa katika ukumbi wa kanisa. Meneja, Bwana Ndolo, hakuwaficha kitu. Ama wafunge na kuuza matanuru, ama wayeyushe vyuma usiku tu, wakati stima ni nafuu, na wanahisa wakae bila gawio la faida mpaka kampuni ipate pumzi.

"Tuuze!" watu wakapaza sauti. "Tugawane kilichobaki!"

Kasyoka akasimama. Mutunga akamvuta leso. "Keti chini. Unatuaibisha."

"Asi! Niache," akasema, kisha akawageukia watu. "Ukame ulipomaliza ng'ombe wetu, nani hapa aliuza shamba? Tulikaza mkanda, tukangoja mvua. Leo bili ya stima imetutisha, tunakimbia? Matanuru haya yakizimwa, hakuna atakayekuja kuyawasha tena. Vijana wetu watarudi kuchoma makaa. Mimi siuzi. Anayetaka kuuza auze, lakini asiseme ameuza kwa niaba yangu."

Liban, mfanyabiashara wa mbuzi ambaye hisa zake zilizidi za wengi mle ndani, akainua mkono. "Mama Kasyoka, na tukikosa gawio miaka mitatu?"

"Tutakosa. Wewe bei ya mbuzi ikianguka, unavunja boma?"

Liban akacheka. "Sivunji."

"Basi kaa na mimi."

Kura zilihesabiwa kwa hisa, si kwa vichwa. Wenye hisa kidogo kidogo wakaungana na Liban, wakawashinda waliotaka kuuza kwa tofauti ndogo sana.

Nje ya ukumbi, Mutunga alikuwa amekasirika. "Umenifunga kwenye shimo lako. Mimi natoka. Zangu nauza leo leo."

"Niuzie mimi."

Mutunga akamtazama kama anayemwona mtu aliyerukwa na akili, lakini akamuuzia. Kasyoka aliuza ng'ombe wake wa maziwa kumlipa, na watoto wake wakanywa chai ya rangi.

Mpaka sasa gawio halijatoka. Matanuru mawili kati ya matatu yamepoa, na mwekezaji yule hajarudi. Lakini lile moja linawaka, na lori la vyuma vipya kutoka kiwandani bado linashuka Ikutha. Wanaomcheka sokoni huwajibu bila kuacha kazi: "Chekeni tu. Mimi bado niko ndani."