Spika Iliyorudishwa Dukani

Edilsa Charris alikuwa mwoga tangu utotoni, na wala hakuona haya kulisema. Alizaliwa mtaa wa Rebolo, huku kwetu Barranquilla, na alipokuwa mtoto aliona kwa macho yake basi likibebwa na arroyo, ule mto unaozuka barabarani mvua kubwa ikinyesha kisha ukapotea kana kwamba haukuwahi kuwapo. Watu walikuwa wakipiga vioo kwa ndani. Tangu hapo, mawingu yakianza kukusanyika tu, alikimbilia ndani na kufunga milango.

Lakini ulimi alijaliwa. Mama yake aliuza parachichi sokoni, na Edilsa angali mdogo aliweza kumfanya mtu aliyekuja kununua kitunguu aondoke na kapu zima. Basi alipokuwa mtu mzima akaajiriwa katika duka kubwa la vifaa vya umeme katikati ya mji: televisheni, friji, feni, simu, na zile spika ndefu za kuchaji zenye taa za rangi ambazo hakuna nyumba ya mji huu isiyozitamani. Tuliishi ukuta kwa ukuta, mimi na yeye. Kila jioni alikuja kuvua viatu kibarazani kwangu na kunisimulia ya dukani, na mwanzoni tulicheka.

Tuliacha kucheka alipoletwa meneja mpya, bwana mmoja aitwaye Fabricio Arteta, kijana wa shati jeupe aliyenukia vizuri. Huyu hakugomba. Alitabasamu. Kila asubuhi kabla ya milango kufunguliwa aliwapanga wauzaji duara, akasoma nani ameuza nini jana, na aliyekuwa wa mwisho alivikwa kofia ya marimonda, ile ya Kanivali yenye pua ndefu na masikio makubwa, inayofunika uso wote. Alicheza nayo mlangoni hadi jioni, juani, kuita wateja.

"Ni mchezo tu, jamani," Arteta alisema. "Familia hutaniana."

Edilsa alikuwa na pumu. Siku aliyovikwa kofia ile alianguka kifudifudi kando ya mlango, na watu waliokuwa wakipita walipiga makofi wakidhani ni sehemu ya ngoma. Kuanzia siku hiyo aliuza kama mtu anayekimbizwa. Mteja akija kutaka balbu, hatoki bila feni. Akinunua feni, lazima abandikwe dhamana ya nyongeza, hata kama feni yenyewe ni ya kutupwa.

Kurudisha kitu, sasa, hilo lilikuwa jambo jingine. Dawati la huduma kwa wateja lilikuwa nyuma kabisa, karibu na vyoo, na aliyeketi hapo alikuwa na jibu moja tu: fundi hayupo. Wiki moja kabla ya hiki ninachosimulia, alikuja hapo baba mmoja amebeba spika kifuani kama mtoto mgonjwa. Chini ya mpini wake bintiye alikuwa amebandika kipepeo cha karatasi ya kung'aa.

"Dada, hii kitu inawaka moto," alisema. "Imeunguza godoro la watoto wangu. Njoo uguse, bado ya moto."

"Fundi hayupo, baba. Rudi Jumatatu."

"Jumatatu nilikuja!"

"Basi Jumatatu nyingine."

Yule baba aliiweka spika juu ya dawati, akawatazama wote waliokuwa pale, Edilsa akiwamo, akasema, "Mungu anawaona," akaondoka. Hakurudi tena.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, jua kali la kuashiria mvua. Edilsa alikuwa hajauza kitu tangu asubuhi, na mara mbili Arteta alikuwa amepita nyuma yake akipiga mluzi wa wimbo wa Kanivali. Hapo akaingia mama mmoja mtu mzima, Onilda Cantillo, mwenye mwavuli na pochi ameibana kwapani.

"Nataka redio ndogo, mwanangu. Ya jikoni. Nisikilize misa nikipika."

"Mama yangu mzuri, redio ndogo zimepitwa na wakati! Hebu sikia hii." Akawasha spika kubwa, taa zikazunguka. "Nyumbani kuna mtoto?"

"Kuna mjukuu, ana miezi mitatu."

"Basi! Watoto wanazipenda hizi taa. Hulala wenyewe, hata kubembeleza huhitaji."

Mama yule alikataa mara ya kwanza. Akakataa mara ya pili. Edilsa alimshika mkono, akamwita mama, akamletea kiti na kahawa, akasimama kati yake na mlango. Mwishowe Bi Onilda alikubali kwa sauti ya mtu aliyechoka. Akachukua na dhamana.

Wakati wa kufunga boksi, kiganja cha Edilsa kilipita chini ya mpini kikanasa. Palikuwa na gundi gundi. Akajipangusa kwenye sketi, akaendelea kufunga. Neder, kijana wa pikipiki ya mizigo, akaipakia, akaenda.

Ilikuwa baada ya chakula, akichota maji stoo, ndipo alipoona kipepeo cha karatasi kimenata kwenye ukingo wa ndoo ya taka.

"Ile spika ya yule baba iko wapi?" alimuuliza mtunza stoo.

"Si umeiuza wewe leo? Bosi alisema tuifute vumbi, tuitie boksi jipya. Imetoka vizuri, eh?"

Alipanda ngazi hadi ofisini kwa Arteta akiwa hana pumzi.

"Bosi, ile spika ni mbovu. Betri yake inawaka. Nyumba ile ina kichanga. Tuwapigie simu."

Arteta hakuinua macho. "Ukiwapigia watarudisha. Wakirudisha, hujauza. Na kama hujauza, Edilsa, unajua Jumatatu utavaa nini."

"Ni moto, bosi!"

"Ni joto. Barranquilla nzima ina joto. Rudi chini, kuna wateja."

Alirudi chini. Alisimama kati ya televisheni zote zile zikionyesha mtu yule yule akicheka, akapiga namba aliyoiandika Bi Onilda kwenye risiti. Akapokea fundi wa matairi huko Malambo, mji wa jirani, akamtukana. Watu walikuwa wamelizoea duka lile: ukiwapa namba yako ya kweli, watakusumbua mwaka mzima kwa kukuuzia vitu, kwa hiyo kila mtu aliwapa ya uongo. Akamtafuta Neder.

"Ni kule ng'ambo ya barabara ya bonde," Neder alisema. "Nyumba ya buluu iliyopakana na duka la mikate. Lakini usiende sasa, mamii. Tazama juu."

Mbingu ilikuwa nyeusi. Matone ya kwanza yalipiga lami makubwa kama sarafu. Edilsa aliniambia kwamba alisimama mlangoni pale pale walipomvisha kofia, akaomba ruhusa kwa Mungu ya kutokwenda. Halafu akatoka.

Alipofika barabara ya bonde, arroyo lilikuwa limeshakuja. Maji ya kahawia yalipita kwa kasi yakiviringisha pipa la taka, tairi, mlango wa friji. Upande huu na ule watu walikuwa wamejibanza kwenye kuta, wakingoja yapite. Vijana wawili walikuwa wamefunga kamba kutoka nguzo hadi nguzo na kuvusha wenye haraka.

"Vua viatu, shangazi! Shika kamba, usitazame maji!"

"Siwezi."

"Basi ngoja. Baada ya saa moja yatakuwa yamekwisha."

Alifikiria ile spika ikiwa kwenye umeme kwa saa moja. Akavua viatu. Maji yalimfika mapajani, yakamvuta kama mtu mwenye mikono. Katikati kitu kigumu kilimgonga goti, akapiga kelele, akasikia ndani ya kichwa chake vile vioo vya basi vikipigwa. Mmoja wa vijana akamkamata nguo mgongoni. "Tembea! Usisimame hapo, utatuua!" Alitoka ng'ambo akitambaa, na kiatu kimoja mkononi.

Nyumba ya buluu ilikuwa imefungwa. Alipiga nondo za dirisha kwa kile kiatu. Akatokea mwanaume mwenye fulana, mkwe wa Bi Onilda, jina lake Dairo.

"Spika!" Edilsa alisema. "Ichomoeni! Natoka dukani."

Dairo alimtazama kuanzia nywele hadi miguu iliyojaa tope. "Ala! Hata mvua haiwazuii? Leo mnauza nini tena, bima ya mazishi?"

"Siuzi kitu. Iko kwenye umeme?"

"Iko na mtoto, analala. Nenda zako."

"Bwana, betri ni mbovu, itawaka!"

"Nakujua mchezo wenu. Unaichukua, unaniletea kilichokufa, kisha fundi hayupo. Mama mkwe wangu mmeshamtapeli mara moja leo. Inatosha." Akafunga dirisha.

Alikuwa amewahi kumshawishi mtu aliyekuja kununua balbu atoke na feni. Sasa, pale mvuani, hakupata neno hata moja la kuaminika. Kila alichotaka kusema alikuwa ameshakisema mara elfu kwa uongo: ni kwa faida yako, nakujali, harakisha. Akaanza kulia, akalia kwa sauti, kifua kikipiga filimbi, na akapaza sauti kupitia ufa wa dirisha.

"Mama Onilda! Ulitaka redio ndogo! Ulitaka redio ya jikoni usikilize misa, mimi nikakuzuia mlango! Nilikudanganya, mama! Ile spika ilikuwa imerudishwa!"

Ikasikika kutoka ndani sauti ya mwanamke mzee: "Dairo, fungua. Huyo leo anasema kweli."

Walipoingia chumbani, harufu ilikuwa imeshaanza, ile ya plastiki inayoyeyuka. Spika ilikuwa imesimama kando ya kitanda cha kichanga, taa zake bado zikizunguka ukutani polepole, na ubavu wake mmoja umevimba kama shavu lenye jipu. Bi Onilda alimnyakua mtoto. Edilsa akavuta waya. Dairo akaibeba ile spika, akapiga yowe viganja vikiungua, akaikimbiza hadi mlango wa nyuma na kuitupa uani. Ilikaa chini kidogo ikitoa moshi. Halafu ikapasuka kwa mlio uliotikisa mabati, na moto mweupe ukaruka juu ya ukuta, ukaendelea kuwaka katikati ya mvua ile yote.

Mtoto alikuwa ameamka, analia. Dairo aliingiza mikono kwenye ndoo ya maji, akageuka.

"Ulijua?" alimuuliza.

"Nilijua saa nane."

"Na asubuhi, ulipokuwa unaifunga?"

Edilsa alitazama kiganja chake, kile kilichonasa gundi.

Jumatatu alirudi dukani pamoja na Dairo, ambaye mikono yake ilikuwa imefungwa bendeji. Dairo aliliweka lile gofu lililoungua juu ya kaunta ya malipo, mbele ya foleni, akaeleza kwa sauti kilichotokea. Watu waliacha vitu walivyoshika na kutoka. Arteta alikuja akitabasamu, akamwita Dairo rafiki, akamwomba waongee ofisini; Dairo akasema ataongea hapo hapo. Jioni ile spika zote za aina ile ziliondolewa kwenye rafu, na Edilsa akafukuzwa kazi kwa kosa la kutoka bila ruhusa.

Siku hizi anauza vitambaa katika duka la mwanamke mmoja ambaye hajali mteja akitoka mikono mitupu. Bi Onilda humletea bollo, mikate ya mahindi ya kuchemsha, kila Pasaka. Dairo wakikutana humwamkia, lakini hasimami.

Hofu haikumtoka. Hakuwahi kujua ni spika ngapi nyingine zilifutwa vumbi kabla ya ile, wala ni ngapi zilipita mikononi mwake. Tukitembea pamoja na ikasikika ngoma ile nzito kutoka dirisha lolote, huniachia mkono na kwenda kubisha hodi. Huuliza kwa upole ni ya aina gani, ilinunuliwa wapi, kama inapata moto. Wengi humwambia hawanunui kitu leo, wakafunga mlango. Yeye hubaki hapo nje kidogo, ameinua pua, ananusa.